Bandari Tano na Nusu za Lubumbashi

Barabara ya Taifa Namba 1 ya Kongo inaanzia Banana, pale mto unapoingia Bahari ya Atlantiki, na kuishia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita tisini hivi kutoka Lubumbashi. Urefu wake unapita kilomita 3,000. Kwenye ramani ya shule ni mstari mmoja mwekundu usiokatika. Mimi sijawahi kukutana na dereva aliyeipita yote akiwa amebeba kontena, na kazi yangu ni kukutana na madereva.

Nashughulikia makaratasi ya mizigo katika ofisi ndogo ya forodha hapa mjini. Mzigo unaingia, mzigo unatoka, mimi niko katikati ya duane (ndiyo forodha ya serikali), OCC wanaokagua bidhaa, OGEFREM wanaosimamia usafirishaji wa mizigo, wakala wa meli, mwenye lori, na mteja anayepiga simu kabla jogoo hajawika. Tangu Januari 2022, Rais Tshisekedi alipoweka jiwe la msingi la bandari ya kina kirefu kule Banana, swali ni moja: bandari yetu ikikamilika, kontena langu litashuka bei kiasi gani? Nawajibu hivi: Baba, ungekuwa unakaa Kinshasa, lingeshuka vizuri tu. Kwa kuwa unakaa Lubumbashi, usitenge hata senti. Kuna wanaokasirika. Mmoja aliniuliza kama mimi ni Mkongomani kweli.

Ni Mkongomani, na Banana naiunga mkono. Nchi hii ni ya pili kwa ukubwa Afrika, ina watu zaidi ya milioni 100, na pwani yake haifiki kilomita 40, imebanwa kati ya Cabinda na Angola yenyewe. Bandari yake kubwa, Matadi, haiko baharini. Iko ndani ya mto, kilomita 150 hivi kutoka kwenye maji ya chumvi. Chini ya Boma mto unatanuka, unajigawa kati ya visiwa na mafungu ya mchanga, na mchanga huo hautulii. Njia ya meli iliyokuwa na kina mwaka jana, mwaka huu inahitaji kuchimbwa upya. Meli kubwa ya makontena haithubutu kuingia. Inashusha mzigo wa Wakongomani Pointe-Noire, kwa jirani zetu wa Kongo-Brazzaville, halafu meli ndogo inauchukua na kuupandisha mto.

Banana ni habari nyingine kabisa. Mdomoni mwa mto Kongo kuna korongo la chini ya maji, linaloanzia ndani ya mlango wa mto na kuteremka hadi kilindini mwa Atlantiki. Ni miongoni mwa makorongo makubwa ya aina yake duniani, na lina hasira zake: Januari 2020 tope lililoporomoka humo lilikata nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, na Agosti 2023 likakata tena, intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika. Lakini kwa mjenzi wa bandari ni zawadi. DP World ya Dubai, iliyopewa kazi hiyo, ilitangaza gati la mita 600 na kina cha mita 18 kwa awamu ya kwanza. Mita 18 zinaitosha meli yoyote ya makontena inayoelea leo.

Kwa nini kina kiwe jambo la kugombaniwa hivi? Meli kubwa kuliko zote za makontena sasa zina urefu wa mita 400, zinabeba makontena 24,000 ya futi ishirini, na zikijaa zinahitaji maji ya mita 16 au zaidi. Meli ya namna hiyo ikisimama inakula hela, kwa hiyo haipendi kusimama. Inachagua bandari chache zenye maji ya kutosha na kreni nyingi, inamwaga mzigo, inaondoka. Meli ndogo ndizo zinazosambaza kwa wengine. Wenzangu wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini na si nchi ya Kenya, wanalijua jambo hili bila kusomea: lori la unga linasimama barabara kuu, mikokoteni inaingiza magunia vichochoroni, na ukipiga hesabu, kilomita moja ya mkokoteni imekugharimu kuliko kilomita mia za lori.

Nina karatasi mbele yangu ya mteja mmoja, hati ya shehena, BL kama wote tunavyoiita. Vigae vya sakafu, kontena moja la futi ishirini, vimepakiwa Nansha, kusini mwa China. Bandari ya kushukia: Dar es Salaam. Katikati, kwa herufi ndogo kabisa, Singapore. Pale Singapore kontena lilishushwa, likawekwa uwanjani, likasubiri meli ya kuja upande wetu. Lilikaa uwanjani siku nyingi kuliko lilizosafiri kutoka Nansha. Kisha Dar, kisha lori: Morogoro, Mbeya, Tunduma, Kapiri Mposhi, Chingola, Kasumbalesa. Mlangoni kuna lakiri ya chuma, nene kama kidole cha mtoto, yenye namba. Kila mzigo unapobadilisha mikono, mtu anainama, anasoma namba ile kwa sauti, mwingine anaiandika. Akikosea tarakimu moja, kontena linakuwa halijulikani, hati zinarekebishwa, na marekebisho yanalipiwa. Vigae havina haraka wala haviozi. Anayeoza ni mteja, maana mkopo wa benki unahesabu siku.

Singapore wanaishi kwa karatasi za namna hii. Mwaka 2024 bandari yao ilihudumia makontena zaidi ya milioni 41, na sehemu kubwa ilikuwa mali ya watu wengine ikienda kwa watu wengine. Kila anayetangaza bandari mpya ya kina kirefu siku hizi anasema atakuwa Singapore ya upande wake. Wanasahau kwamba mnamo 2000 Maersk ilihama Singapore ikavuka mlango-bahari tu hadi Tanjung Pelepas, Malaysia, kwa sababu ya bei na masharti, na Evergreen ikafuata miaka miwili baadaye. Mzigo wa kuhamishwa kutoka meli hadi meli hauna kwao. Jirani akipunguza dola kumi kwa kontena, umeondoka.

Jirani zetu wa Kenya wamelionja hili kwa upande mwingine. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021, lina kina cha mita 17.5, maji ambayo Mombasa hawana. Kwa muda mrefu meli zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Zilianza kuongezeka pale Bahari ya Shamu ilipochafuka kwa mashambulizi dhidi ya meli kuanzia mwishoni mwa 2023, kampuni za meli zikawa zinatafuta mahali pa kushushia mizigo yao kwa muda. Kina cha Lamu kilikuwa kilekile siku zote hizo. Kilichokosekana nyuma ya gati ni barabara na reli ya kufika Ethiopia na Sudan Kusini, ambako mzigo ndiko ulikotarajiwa kutoka.

Banana iko salama zaidi kuliko Lamu kwa sababu moja: Kinshasa. Mji wenye watu zaidi ya milioni 15 unakula, unavaa, unajenga, na karibu vyote vinatoka ng'ambo. Faida ya Banana ni kuacha kulipia kreni za Pointe-Noire. Hilo linatosha, sioni haja ya kuongeza ndoto ya kuhamisha mizigo ya Afrika ya Kati nzima. Hata hivyo kati ya Banana na Kinshasa bado kuna Matadi, na reli ya kutoka Banana hadi Matadi haijajengwa. Daraja la Matadi, lililofunguliwa 1983 kwa msaada wa Wajapani, lilibuniwa likiwa na nafasi ya reli hiyo chini ya barabara. Zaidi ya miaka arobaini sasa, treni haijapita.

Sasa nirudi Katanga, eneo letu la Lubumbashi na migodi ya shaba, maana huku ndiko hesabu inakobadilika.

Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na ilitoka kusini, kupitia Rhodesia. Haikutoka Matadi. Shaba yetu ya kwanza iliteremka Beira, Msumbiji. Wabelgiji hawakupenda kuona utajiri wa koloni lao ukipita mikononi mwa Waingereza na Wareno, wakajenga walichokiita njia ya taifa: reli ya BCK kutoka Katanga hadi Port-Francqui, Ilebo ya sasa, ikakamilika 1928. Pale Ilebo shaba ilishushwa kutoka kwenye mabehewa ikapakiwa majahazini, ikateremka mto Kasai na mto Kongo hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Pale ikashushwa tena, ikapanda treni ya Matadi, kilomita 366. Pale Matadi ikashushwa tena, ndipo ikaingia meli. Mara tatu kupakuliwa na kupakiwa upya kabla ya kuiona bahari, na yote hayo ndani ya nchi moja! Wazee wetu wa njanja, waliofanya kazi kwenye reli, wanaizungumzia njia ile kwa mapenzi. Ilitoa ajira, ilikuwa yetu, bendera ilikuwa moja. Nawaheshimu sana. Lakini mfanyabiashara alilazimishwa kuitumia kwa ushuru na amri, na amri zilipolegea shaba ikarudi kusini.

Wakati njia ya taifa ikijengwa, Mskoti Robert Williams alikuwa akijenga nyingine kutoka Lobito, Angola. Reli ya Benguela iliungana na ya Katanga mwaka 1931. Ndiyo njia fupi kuliko zote za kufika Atlantiki: kilomita 1,300 na kitu upande wa Angola, 400 na kitu kutoka Dilolo, mpakani, hadi Kolwezi kwenye migodi yetu. Vita vya Angola vikaifunga 1975, na ikalala karibu miaka arobaini hadi Wachina walipoijenga upya. Sasa inaendeshwa na Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa mkataba wa miaka 30. Agosti 2024 shaba ya Katanga ilipitia huko kwenda Marekani, na Desemba mwaka huohuo Rais Biden mwenyewe akatua Lobito kuitazama.

Kwa hiyo tuna Durban, tuna Beira, tuna Dar es Salaam, tuna Walvis Bay, tuna Lobito. Bandari tano, bahari mbili, nchi tano tofauti, na hakuna hata moja yetu. Ile nusu ni Matadi pamoja na Banana yake, ambazo ni zetu kwa pasipoti lakini haziingii kwenye hesabu ya lori.

Watu wanaliona hili kama udhaifu. Wanasema Katanga imefungiwa, inanyonywa na majirani. Ushahidi upo. Agosti 2024 Kinshasa ilizuia bia na vinywaji baridi kuingia kutoka Zambia, wasafirishaji wakaandamana, Lusaka ikafunga mpaka: Kasumbalesa, Mokambo, Sakania. Nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba ikasimamishwa na kreti za soda. Mpaka ulifunguliwa baada ya siku chache, lakini foleni haikuisha siku chache. Aliyewahi kuipita foleni ya Kasumbalesa anajua: malori yamebeba katodi, yaani mabamba ya shaba ya karibu mita moja kwa mita moja, yamefungwa matita kwa mikanda ya chuma, turubai juu, upande wa pili yanaingia malori ya salfa ya viwanda vya asidi, dizeli, chokaa, unga. Madereva wanalala chini ya trela. Akina mama wanawauzia bukari, yaani ugali, na maharage, na bei ya sahani inapanda kadiri foleni inavyorefuka, jambo ambalo siwezi kuwalaumu.

Ila hebu tuupindue mtazamo. Kongo iliipita Peru 2023 kwa kuzalisha shaba, na 2024 ilivuka tani milioni tatu. Gawanya kwa tani 30 za lori moja. Ni malori laki moja kwa mwaka, zaidi ya 270 kwa siku, na bado sijahesabu kobalti. Malori hayo yanarudi na mzigo, hayarudi matupu. Dar es Salaam inatuhitaji. Mzigo wa transiti wa Kongo ni miongoni mwa sababu za wao kuchimba kina na kurefusha magati. Walvis Bay inatuhitaji, kwa sababu Namibia ina watu milioni tatu tu na bandari kubwa kuliko matumizi yao. Lobito bila Katanga ni reli ndefu inayopita porini. Wote hawa wanashindana kwa ajili ya mzigo mmoja, nao unatoka Kolwezi, Likasi, Fungurume na hapa. Mwenye mzigo ndiye mteja, na sisi tumekaa kama tunaomba msaada.

Mteja mwenye akili anauliza maswali. Mzigo wetu ukikaa bandarini kwako, siku za bure ni ngapi kabla ya tozo kuanza? Uwanja wa makontena yetu uko wapi? Ofisi yetu ya duane inaweza kukaa kwenye bandari yako, ili kinachofika Kasumbalesa kiwe kimeshalipiwa na kipite tu? Ukinipa bei mbaya, nahamishia tani ngapi kwa jirani yako mwezi ujao? Kampuni kubwa za migodi zinayauliza haya kila siku, na kwa hiyo zinapata bei ambazo mwenye kontena moja la vigae hawezi hata kuziota. Serikali ingeuliza kwa niaba ya wadogo.

Kuna jambo lingine silioni likijadiliwa. DP World, inayojenga Banana, tangu Oktoba 2023 ina mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya magati ya Dar es Salaam. Mlango wa magharibi na mlango wa mashariki, mwenye kushika kitasa ni mmoja. Sisemi kuna ubaya. Wanajua kazi yao. Nasema tu kwamba anayetuambia Banana itashindana na Dar ili bei ishuke, aeleze ushindani huo utakuwa kati ya nani na nani.

Reli ndiyo ingenifanya nibadilishe majibu ninayowapa wateja. Reli yetu ya Katanga ina upana wa milimita 1,067, sawa na ya Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini, Angola, na pia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Maana yake behewa lililopakiwa Kolwezi linaweza kufika kwenye gati la Lobito, Durban au Dar es Salaam bila mtu kugusa mzigo. Mzigo ubadilishe mikono mara moja tu, pale kreni inapouinua kuuingiza melini. Hakuna kina cha bahari kinachoweza kutuletea faida kama hiyo. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, Wachina haohao wamekubali kuifufua. Angola imeshafanya ya kwake. Zambia inatafuta reli mpya ya kuungana na ile ya Benguela moja kwa moja, bila kukanyaga kwetu, na ikifanikiwa shaba yake haitapita tena Katanga hata kwa bahati mbaya. Kiungo kibovu ni chetu: njia ya SNCC, shirika letu la reli la taifa, kutoka Dilolo hadi Kolwezi, iliyochakaa, yenye injini chache, ambako treni inatembea polepole mahali ambapo ingepaswa kukimbia. Kilomita 400 na kitu tu. Ningekuwa na sauti bungeni, zingetengenezwa hizo kabla ya kuchora awamu ya pili ya Banana.

Mama mmoja anayeuza samaki wa barafu, wale wa Thomson tunaowala hapa kuanzia Katuba hadi Ruashi, alinisikiliza nikieleza haya yote dukani kwake. Samaki wake anavuliwa Namibia, anakuja kwa lori la friji kupitia Zambia. Aliniuliza kama reli itabeba barafu. Nikamwambia inawezekana, behewa za friji zipo. Akasema hamwamini mtu wa SNCC na samaki.

Yule wa vigae anataka kuagiza tena, na safari hii ameletewa bei ya Walvis Bay iliyo nafuu kidogo kuliko ya Dar, na upande ule foleni ya meli ni fupi. Nimepiga hesabu mara kadhaa. Tofauti ni ndogo lakini ipo. Nimemshauri abaki na Dar. Sababu yangu haipo kwenye jedwali lolote la gharama: lori likikwama Nakonde, mpakani mwa Tanzania na Zambia, saa nane usiku kwa sababu tarakimu ya lakiri haifanani na ya hati, dereva wa Dar ananipigia, ananiita kaka, ananisomea namba kwa Kiswahili, na tunalimaliza jambo kabla ya kupambazuka. Mteja amesema atafikiri. Bei ya Walvis Bay inaisha muda wake Ijumaa.